Shemine, mulima mweusi na ghorofa yenye kusimama mbali

Wageni wengi wakifika Lubumbashi wanauliza: "Ghorofa zenu ndefu ziko wapi?" Wametoka Johannesburg ao Nairobi, wamezoea muji wenye kumulazimisha mutu kuinua shingo. Sisi tunawaonyesha Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo na matofali yake mekundu, tunawapitisha mbele ya teatri ya mwaka 1956 yenye kuchorwa na Claude Strebelle, tena sinagogi ya mwaka 1930. Ni majengo mazuri, lakini hakuna hata moja refu sana. Kitu chenye kuonekana toka mbali hakina dirisha wala ngazi ya wageni: ni shemine ya Gécamines, yenye kupita metre 100, na pembeni yake mulima mweusi.

Ule mulima haukuumbwa pamoja na inchi. Ulijengwa, sawa vile ghorofa inajengwa, ila hakuna mutu aliyechora plani yake.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli yenye kutoka kusini ikafika, na Emile Wangermée akaweka muji wa Élisabethville karibu na mto Lubumbashi. Tarehe 30/6/1911 shaba ya kwanza ikamiminwa. (Tarehe hiyo Wakongomani bote wanaijua kwa sababu ingine, hapa kwetu ilikuwa tayari tarehe ya moto miaka 49 mbele ya uhuru.) Ndani ya tanuru, shaba ni nzito, inashuka chini, mawe yenye kuyeyuka yanabakia juu. Yale mawe njo yalikuwa yanatolewa, yanapelekwa yakiwa mekundu bado, yanamwagwa. Usiku muteremko wote uliwaka. Yakipoa, yanakuwa meusi. Fanya vile kwa miaka 80 hivi, utapata mulima.

Nani alisukuma ile mizigo? Watu wa Katanga, wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini, wa Ruanda-Urundi. Kila mumoja alikuja na luga ya mama yake, na katika kambi walihitaji luga ya kuagana kazi na kugombana juu ya posho. Kiswahili chenye tunaongea leo kilikomaa pale, chini ya ule moshi. Wanafunzi wetu wanashangaa tukiwaambia vile, maana walifikiri luga inatoka katika vitabu.

Muji wenyewe uligawanywa: wazungu upande mumoja, weusi upande mwingine, na katikati eneo tupu; wakubwa walisema ni kwa ajili ya afya. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati wa vita, wafanyakazi waligoma kwa sababu bei zilipanda na mushahara ulibaki vile vile. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mupira. Askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, musemaji wao, aliuawa pale pamoja na wengine wengi. Mugeni anaweza kupiga picha ya shemine mara kumi bila kusikia jina hilo, na tunaona kwamba hiyo si haki.

Sasa turudie swali la ghorofa. Ziko, lakini zilisimama kwingine. Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa, kisha ikawa Gécamines. Katika miaka ya 1970 kampuni ya serikali yenye kuuza shaba, Sozacom, ilijenga ghorofa yake ndefu Kinshasa, kwenye Boulevard du 30 Juin. Mpaka leo watu wa Kinshasa wanaiita Sozacom, hata kama kampuni yenyewe ilikufa zamani. Kwa hiyo ghorofa ya shaba ya Katanga iko. Tunaifikia kwa ndege. Sisi tulibakia na mabaki ya tanuru. Tunasema hivi bila kinyongo kwa watu wa Kinshasa, maana wao pia hawakuulizwa.

Mwezi wa 9 mwaka 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka, na miaka yenye kufuata ilikuwa ya njaa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoshwa kwa jina zuri la "kuondoka kwa hiari." Shemine iliacha kutoa moshi, lakini wachoraji hawakuiacha. Tshibumba Kanda-Matulu alikwisha kuichora katika miaka ya 1970, na watoto wenye hawajaona moshi wake hata siku moja wanaichora bado, tena na moshi.

Na ule mulima haukukuwa takataka tupu. Ulikuwa na kobalti, zinki na jermani. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 umeanza kuchimbwa na kuyeyushwa tena, na mwaka 2024 Gécamines ilitangaza kwamba jermani ya kwanza imepelekwa kwa Umicore, Ubelgiji. Njia ni ile ile ya zamani, kwenda inchi ile ile.

Mulima unapungua, basi. Hatuombi kazi isimame, watu wanakula. Lakini wazee wenye waliukuza wako bado Kenya, Katuba na Ruashi, na wao pia wanapungua. Mwaka huu tumewapa wanafunzi wa darasa la sita kazi moja ya historia: kila mumoja alete jina la mufanyakazi mumoja wa tanuru, mwaka wenye aliingia kazini, na namba yake ya kazi kama anaikumbuka. Wengi wanaikumbuka.