Rafu ya Msomaji Kijana: Historia Fupi ya Riwaya ya Vijana katika Kiswahili

Utangulizi

Hakuna mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ambaye hajawahi kumpata mwanafunzi wa aina hii darasani. Anapenda hadithi kuliko anavyopenda sarufi. Akipata pesa kidogo wakati wa likizo, huenda kwa wachuuzi wa vitabu vikuukuu kando ya barabara na kurudi na vitabu vinne au vitano mkobani. Kisha hufungua ukurasa wa mwisho wa daftari na kuandika mpango wake: hiki nitakianza Jumamosi, hiki nitakimaliza kabla ya shule kufunguliwa, hiki nitabadilishana na rafiki yangu.

Tuchukulie kwamba orodha ya mwanafunzi huyo ina vitabu vitano: Mzimu wa Watu wa Kale, Utengano, Siku Njema, Ndoto ya Amerika na Bina-Adamu! Mwalimu anayeiona anaweza kumwambia aviweke kando hadi amalize vitabu teule, maadamu mtihani haungoji. Anaweza pia kuisoma orodha yenyewe kama hati ya historia. Makala haya yanafuata njia ya pili. Dai letu ni kwamba riwaya ya vijana katika Kiswahili haikuanza na waandishi waliokusudia kuwaandikia vijana wetu. Kwa sehemu kubwa iliundwa na vijana wenyewe, kwa kuvishika vitabu vilivyowapendeza na kuvifanya vyao. Mwalimu anayelijua hili hatauona mpango wa mwanafunzi huyo kuwa upotezaji wa wakati.

Riwaya ya vijana ni ipi?

Istilahi hii hutumiwa kwa maana tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Kwanza, kuna riwaya zilizoandikwa kwa ajili ya vijana, na mwandishi au mchapishaji akatamka hivyo. Pili, kuna riwaya zinazowahusu vijana, ambazo mhusika wake mkuu ni kijana ingawa msomaji aliyelengwa ni mtu mzima. Tatu, kuna riwaya zilizo mikononi mwa vijana, yaani zile wanazozisoma kwa hiari yao bila kuambiwa na mtu. Tukiifuata historia ya Kiswahili tutaona kwamba maana hizi tatu hazikukutana kwa muda mrefu.

Hazina ya wengine: 1929 hadi 1940

Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, serikali za kikoloni zilihitaji vitabu vya kusomesha kwa lugha hiyo. Njia ya haraka ilikuwa tafsiri. Mwaka 1929 zilitoka Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri za vitabu vya Stevenson na Haggard. Mfasiri mkuu alikuwa Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Safari za Gulliver ilifuata mwaka 1932.

Viwili vya kwanza vilikuwa vitabu vya vijana kwa maana ya kwanza, lakini kijana aliyekusudiwa alikuwa Mwingereza. Hadithi ya kisiwa chenye hazina ilianza kutolewa kwa mfululizo katika gazeti la vijana la Uingereza mwaka 1881. Katika kitabu cha Haggard, Afrika ni shimo lenye mali linalomngoja mgeni aje aichimbe. Kijana wa Tanga au wa Mombasa aliyekisoma kwa Kiswahili fasaha alijikuta akimshangilia msafiri aliyekuja kuchukua mali ya bara lake. Hata hivyo tusilipuuze jambo moja: vitabu hivi vilimzoesha msomaji wa Kiswahili msuko wa safari, ramani, siri na taharuki. Msuko huo haukupotea.

Tafsiri moja ya kipindi hiki inastahili kukumbukwa kwa namna ya pekee, nayo ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, iliyotoka mwaka 1940. Katika picha zake Elisi amechorwa akiwa msichana Mwafrika. Huyu ni msichana anayeondoka, anayetangatanga, anayewauliza wakubwa maswali, kisha anarudi salama. Tutamhitaji tena mbele.

Mashindano na upelelezi

Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau ili kuchapisha na kusambaza vitabu kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa mashindano ya uandishi. Katika mashindano ya 1957 na 1958, mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Hapo ndipo msomaji alipokutana na Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, na rafiki yake Najum. Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha undugu wake na Sherlock Holmes. Jipya ni kwamba mwenye akili ya kufumbua fumbo sasa ni mtu wa visiwani, na fumbo lenyewe limo katika mashamba na imani za watu wa Unguja.

Nyuma ya Bwana Msa lilikuja kundi kubwa. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Vitabu hivi havikuandikiwa watoto wa shule, wala si vyote vinavyowafaa. Lakini ndivyo vilivyosomwa chini ya dawati na kupitishwa mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Wahakiki waliviita fasihi pendwa, mara nyingi kwa sauti ya kubeza. Kwa maana yetu ya tatu, hii ndiyo iliyokuwa riwaya ya vijana.

Vijana ndani ya riwaya za watu wazima

Wakati huohuo riwaya iliyoheshimiwa na wahakiki ilianza kumtazama kijana, hasa msichana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 ikisimulia maisha ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi. Kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda. Kinaya ni kwamba kitabu kilichoeleza jinsi msichana anavyoangamia kwa kutoelezwa lolote kilizuiwa kuwafikia wasichana.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980, ina kisa cha karibu na hicho. Maimuna anafungiwa ndani na babake, Maksuudi. Anapotoroka hana ujuzi wowote wa dunia, na mji unampokea kwa ulevi na ukahaba. Hizi ni riwaya kuhusu vijana, tena nzito. Lakini msomaji aliyelengwa ni mzazi na jamii: tazameni mlichomfanyia mtoto huyu. Kijana anapoisoma Utengano hujiona akijadiliwa na watu wazima walioketi sebuleni.

Mfumo wa 8-4-4 na Siku Njema

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Soko la vitabu likapanuka ghafla, maana riwaya iliyoteuliwa ilipata wasomaji katika kila shule ya upili nchini. Pamoja na neema hiyo ikaja miongozo. Palepale riwaya ilipopata wasomaji wengi kuliko wakati wowote, ilianza kupata wasomaji wasioisoma, wanaokariri maudhui na sifa za wahusika kutoka kijitabu chembamba.

Ni katika mazingira haya ambapo Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka 1996. Kongowea Mswahili, kijana aliyezaliwa Tanga, anafiwa na mamake na kufunga safari kuja Kenya kumtafuta babake, hadi Kitale. Anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Riwaya hii iliteuliwa kutahiniwa, na wanafunzi wakaipenda hata baada ya mtihani. Kwa nini?

Tunaamini kwamba jibu limo katika historia tuliyoieleza. Siku Njema ina safari kama zile tafsiri za 1929, ila sasa msafiri ni kijana wa Kiswahili anayetafuta wa kwao, wala si mgeni anayetafuta mali ya wenyewe. Ina fumbo kama riwaya ya upelelezi, kwa kuwa kuna mtu anayetafutwa, kuna dalili, kuna njia zinazopotosha. Tena ina uchungu wa kijamii kama wa Utengano, lakini uchungu huo unasemwa na kijana mwenyewe. Maana tatu za riwaya ya vijana zilikutana katika jalada moja. Walibora aliendelea na njia hiyo katika Ndoto ya Amerika (2001), kisa cha wavulana wanaoota kwenda Marekani. Hata katika Kidagaa Kimemwozea, iliyotahiniwa kati ya 2013 na 2017, kijana Amani ndiye mwenye mswada unaoibwa na mtu mzima mwenye jina kubwa. Walibora alifariki mwaka 2020, na wengi waliomwombolezea walitaja kwanza kitabu walichokisoma wakiwa shuleni.

Peter Pan anarudi

Kitabu cha tano katika orodha, Bina-Adamu! cha K. W. Wamitila (2002), ni kigumu zaidi, na mwanafunzi asifichwe ukweli huo. Msimulizi anasafiri katika ulimwengu wa ajabu akimtafuta P.P., ambaye baadaye tunafahamu kuwa ni Peter Pan, yule mtoto wa hadithi za Kiingereza asiyetaka kukua. Kwa Wamitila, huyu ni sura ya nguvu inayocheza na dunia nzima kama mtoto asiyewajibika. Mwanafunzi aliyeanza na historia ya tafsiri ataona jambo ambalo mwenzake hataliona. Mwaka 1929 tulipewa mashujaa wa vijana wa Uingereza tuwashangilie. Mwaka 2002 mwandishi wa Kenya alimchukua mmoja wao akamweka kizimbani.

Mpango wa kusoma

Kutokana na haya tunampendekezea mwalimu asiufute mpango wa mwanafunzi. Aupange upya kwa mambo matatu.

Kwanza, mwanafunzi aanze na kitabu kinachomvuta, hata kama ni cha Bwana Msa. Akimaliza, aulizwe: ni wapi mwandishi alikuficha jambo, na alikuficha vipi? Atakuwa amejibu swali la taharuki kabla ya kulisikia neno lenyewe.

Pili, asome kwa kufuata uzi mmoja. Uzi wa safari unapita katika vitabu vyote vitano. Hapa atagundua jambo lenye uzito. Kongowea anaondoka nyumbani na safari inamjenga. Maimuna anaondoka nyumbani na safari inambomoa. Mvulana wa riwaya zetu husafiri akapata; msichana husafiri akaadhibiwa. Elisi, msichana aliyetangatanga na kurudi salama, alikuja kwa tafsiri mwaka 1940, na rafu yetu imekawia kumzalia ndugu. Msichana wa kidato cha tatu anayeligundua hili peke yake amefanya uhakiki ambao hakuna mwongozo ungemfanyia. Zaidi ya hayo, ana haki ya kuuliza kwa nini iwe hivyo, na hata kuandika kisa kinachokataa.

Tatu, kila kitabu akiandikie nusu ukurasa: nani anasimulia, nini kilimfanya afungue ukurasa unaofuata, na kinafanana na kitabu gani kingine. Kumbukumbu hizi ni chache, lakini mtahiniwa mwenye kumbukumbu za vitabu vitano ataikabili karatasi ya tatu akiwa na jicho la kulinganisha. Anayejua riwaya moja tu hujua visa vyake. Anayejua tano huanza kujua riwaya ni nini.

Hitimisho

Tumeona kwamba rafu ya msomaji kijana imejazwa na mikono mingi: mfasiri wa serikali ya kikoloni, waandalizi wa mashindano, mwandishi aliyetaka kuizindua jamii, na wateuzi wa vitabu vya mtihani. Lakini kilichobaki kwenye rafu baada ya mtihani kupita ni kile ambacho kijana mwenyewe alikichagua. Vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Siku Njema iliondolewa katika orodha ya mtihani, na ingali inatafutwa kwa wachuuzi kando ya barabara. Penye nia pana njia, na mwanafunzi aliyetumia pesa zake za likizo kununua riwaya amekwisha kuionyesha nia yake. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha njia, kisha kumwuliza siku ya kufungua shule: umefika wapi?