Namna ya kukinga maua ya miti ya matunda dhidi ya jalidi mwishoni mwa kipupwe

Wakulima wa matufaha, mapichi, plamu na mapeasi katika nyanda za juu zenye baridi, zikiwemo Njombe na Makete, wanashauriwa kuchukua tahadhari mapema dhidi ya jalidi, yaani umande unaoganda, kwa kuwa usiku mmoja wa baridi kali wakati wa maua unaweza kuondoa mavuno ya mwaka mzima.

Jalidi hutokea zaidi usiku usio na mawingu wala upepo. Ardhi hupoteza joto lililohifadhiwa mchana, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Baridi hufikia kilele muda mfupi kabla ya jua kuchomoza.

Hatari huongezeka ua linapofunguka

Chipukizi lililofumba huvumilia baridi kuliko ua lililochanua. Mtufaha uliochanua kikamilifu hupoteza takribani asilimia 10 ya maua ukikaa nusu saa katika nyuzi joto 2.2 chini ya sifuri, zikifika 3.9 chini ya sifuri, hasara hukaribia asilimia 90. Mipichi na miplamu kwa kawaida huchanua kabla ya mitufaha, hivyo huhitaji uangalizi wa mapema zaidi.

Maandalizi kabla ya baridi

Kinga bora huanza wakati wa kupanda. Miti ipandwe kwenye mteremko badala ya bondeni, na aina zinazochelewa kuchanua zipewe kipaumbele. Ua mnene wa miti ulio upande wa chini wa shamba upunguzwe, kwa sababu huzuia hewa baridi kutoka.

Msimu wa maua unapokaribia, nyasi zifyekwe na matandazo makavu yasogezwe kando ya miti. Matandazo, ingawa huhifadhi unyevu, huzuia joto la ardhi kupanda usiku. Udongo mkavu umwagiliwe siku moja au mbili kabla, kwani udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi.

Mkulima afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na aweke kipimajoto shambani, sehemu ya chini zaidi, kwenye usawa wa matawi.

Usiku wa jalidi

Miti midogo ifunikwe kwa shuka, magunia au turubai kabla ya jua kuzama. Kifuniko kifike ardhini ili kunasa joto lake, na kiondolewe asubuhi. Plastiki isiguse maua.

Wenye vinyunyizio wanaweza kunyunyiza maji juu ya miti. Kila kilo ya maji inapoganda hutoa takribani kilojuli 334 za joto, na joto hilo hulinda ua lililo ndani ya barafu. Unyunyizaji uanze kabla ya hewa kufikia sifuri na uendelee bila kukatika hadi barafu iyeyuke. Maji yakikatika katikati ya usiku, madhara huwa makubwa kuliko kutonyunyiza kabisa. Asiye na maji ya kutosha asianze.

Kwa wanaotumia moto, mioto midogo mingi iliyosambazwa shambani hufaa kuliko moto mmoja mkubwa, na isimamiwe muda wote ili isisambae. Moshi peke yake hausaidii, kwa kuwa kinachokinga ua ni joto.

Baada ya jalidi

Saa chache baada ya jua kuchomoza, mkulima apasue maua machache kwa wembe kutoka sehemu mbalimbali za mti. Kitovu cha ua kikiwa cha kahawia au cheusi, ua limekufa; kikiwa kijani, limesalimika. Mtufaha huchanua maua mengi kuliko matunda unayoweza kubeba, hivyo hata sehemu ndogo iliyosalia yaweza kutoa mavuno. Kwa sababu hiyo, miti isitelekezwe, na kazi ya kupunguza matunda machanga isubiri hadi hatari ya jalidi ipite.

Kwa ushauri zaidi, wakulima wawasiliane na maafisa ugani wa kata zao.