Chumvi, Rovu na Hedhi: Upande Mmoja wa Historia ya Wanawake wa Rumonge

Historia ya mwambao wa Rumonge husimuliwa kwa biashara: mawese, samaki, pembe za ndovu, na watumwa waliopitishwa Ujiji. Katika insha hii nataka kuongeza jambo ambalo masimulizi hayo hayaligusi, nalo ni hedhi za wanawake. Hoja yangu ni kwamba baadhi ya wanawake walioitwa wagumba huku kwetu yamkini walipungukiwa na kitu kimoja katika chakula, wala hawakuwa na laana.

Tuanze na chumvi. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu wa Uvinza, karibu na mto Malagarasi, walichemsha maji ya chemchemi vyunguni wakapata chumvi. Ilibebwa hadi Ujiji, kisha ikavushwa ziwa kwa mitumbwi. Kwa hiyo mwambao wetu haukukosa chumvi. Lakini chumvi tupu, hata ile ya baharini, haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe kiwandani. Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi huyapata kwa samaki wao. Mukeke na ndagala wa ziwani, pamoja na utamu wao, wanayo kidogo.

Madini joto yakipungua, tezi ya shingo hushindwa kutengeneza homoni zake, nayo huvimba. Uvimbe huo ndio rovu. Tukiishia hapo tunaona shingo tu. Homoni hizo zikipungua mwilini, yai huenda lisipevuke, hedhi hupoteza mpangilio, na mara nyingi damu hutoka nyingi kwa siku nyingi. Mimba hukawia au huharibika. Zikizidi, hedhi huwa haba au hukatika.

Ulaya walianza kuyaelewa haya mapema. Mwaka 1873 William Gull wa London alieleza ugonjwa wa mwili kupoa na kuvimba aliouona kwa wanawake watu wazima. Mwaka 1891 George Murray alimtibu mwanamke mwenye ugonjwa huo kwa dawa iliyotokana na tezi ya kondoo. Mwaka 1895 mkemia Eugen Baumann akagundua kwamba ndani ya tezi hiyo mna madini joto.

Katika ukanda wetu utafiti mkubwa ulifanyika katika miaka ya 1960 na 1970, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu. Watafiti wa Kibelgiji walikuta rovu limeenea sana kaskazini mwa kisiwa, na kusini-magharibi ni adimu, ingawa madini joto yalikuwa machache pande zote mbili. Walieleza tofauti hiyo kwa muhogo: usipoandaliwa vizuri, sumu yake huizuia tezi kupokea hata yale madini machache yaliyopo. Sisi tunaokula ugali wa muhogo tunapaswa kulisikiliza jambo hili.

Kwa Kirundi mwanamke asiyezaa huitwa ingumba. Bibi yangu hulitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kwa sababu dada yake alirudishwa kwao baada ya miaka minne ya ndoa. Shingo yake, asema bibi, ilikuwa nene, na damu yake haikujua siku. Hakuna aliyempima. Watu waliulizana tu nani amemroga, na mume hakuulizwa lolote.

Mwaka 1990 Mkutano wa Dunia wa Watoto, huko New York, uliweka lengo la kuumaliza upungufu wa madini joto ifikapo 2000, na njia kuu ikawa chumvi. Bidhaa ileile iliyovuka ziwa kwa karne nyingi sasa hubeba kinga.

Si kila hedhi iliyovurugika hutoka shingoni. Sababu ni nyingi, na kipimo cha damu ndicho huamua. Lakini sisi wanafunzi wa historia, tunapokusanya masimulizi ya wazee kuhusu wagumba, tuwaulize pia walikula nini, chumvi yao ilitoka wapi, na shingo zao zilikuwaje. Maswali hayo yatawaondolea baadhi ya bibi zetu lawama waliyokufa nayo.