Kalsiamu na uchovu wa misuli

Uchovu wa misuli ni upungufu wa nguvu unaoletwa na kazi ya msuli wenyewe na unaoondoka kwa mapumziko. Chanzo chake kimojawapo kikubwa kimo ndani ya seli: ni kiasi cha kalsiamu kinachoachiliwa kila neva inapouamuru msuli ujikaze.

Seli ya msuli iliyotulia ina kalsiamu huru kidogo mno, pungufu karibu mara 10,000 kuliko iliyo nje yake. Nyingine imewekwa akiba katika mtandao wa vifuko unaozizingira nyuzi za seli, yaani retikulamu ya sarkoplazimu. Amri ya neva ikifika, milango ya protini iitwayo RyR1 hufunguka, kalsiamu humwagika na kujishika kwenye troponini, protini iliyogunduliwa na Mjapani Setsuro Ebashi na wenzake katika miaka ya 1960. Hapo protini ya miosini hupata pa kuishika nyuzi ya protini ya aktini na kuivuta. Pampu ziitwazo SERCA huirudisha kalsiamu vifukoni, nazo hutumia ATP, nishati ya seli.

Kwa muda mrefu lawama ilibebeshwa asidi ya laktiki, na viwanjani bado inatajwa kila siku. Inalaumiwa kupita kiasi. Watafiti Håkan Westerblad na David Allen walipochunguza seli mojamoja za misuli ya panya, waliona kwamba seli inayochochewa mfululizo hufikia hatua ya kuachilia kalsiamu pungufu, na nguvu yake huporomoka. Ikitiwa kafeini, ambayo huifungua milango, sehemu kubwa ya nguvu hurudi papo hapo, ishara kwamba mitambo ya kuvuta ilikuwa bado inafanya kazi. (Kipimo cha kafeini kilichotumika maabara ni sumu kwa binadamu, kahawa haikifikii.) Tena, katika joto la kawaida la mwili, asidi huidhoofisha seli kidogo tu.

Kwa nini kalsiamu hupungua? Katika kazi kali ya muda mfupi, fosfeti itokanayo na fosfokreatini, akiba ya nishati ya haraka, huingia vifukoni na kugandana na kalsiamu. Katika mbio ndefu, glaikojeni, yaani akiba ya wanga, ikikauka ndani ya seli, milango huachilia kalsiamu kidogo hata kama ATP bado ipo.

Kuna uchovu mwingine usioisha kwa usiku mmoja. Mwaka 1977 mtafiti Edwards na wenzake walieleza kwamba baada ya zoezi zito, msuli ukichochewa kwa umeme mara 10 au 20 kwa sekunde hutoa nguvu hafifu kwa saa nyingi, ilhali ukichochewa mara 50 nguvu yake hukaribia kawaida. Shughuli za kila siku, kama kupanda ngazi, hutegemea uchocheaji huo wa chini, ndiyo maana miguu huonekana mizito. Kutafuta chanzo cha uchovu huo, utafiti wa mwaka 2015 ulifuatilia watu wanaofanya mazoezi ya kawaida, walioendesha baiskeli kwa nguvu zote sekunde 30, mara 6. Saa 24 baadaye, RyR1 katika misuli yao ilikuwa imekatikakatika. Kwa wanariadha wa mbio za ustahimilivu haikuwa hivyo. Inaelekea uvujaji mdogo wa kalsiamu unaofuata kukatika huko ni ishara inayouhimiza msuli kujenga mitokondria zaidi, yaani vinu vya nishati vya seli.

Kalsiamu hii huzunguka ndani ya seli ileile, kwa hiyo vidonge vya kalsiamu kabla ya mbio havimwongezei mtu mwenye afya nguvu. Kinachomsaidia ni mapumziko, na chakula cha wanga cha kurudisha glaikojeni.