Utando wa seli: historia iliyoanzia kwenye kijiko cha mafuta

Kila seli, iwe ya mnyama, ya mmea au ya bakteria, imezungukwa na utando unaotenganisha kilichomo ndani na kilicho nje. Utando huo ni mwembamba mno: unene wake ni nanomita 7 hivi, kiasi kwamba zingehitajika tando zaidi ya elfu kumi, zikilazwa moja juu ya nyingine, ili kufikia unene wa karatasi moja ya daftari. Hakuna aliyeuona hadi hadubini ya elektroni ilipoingia maabarani katikati ya karne ya 20. Hata hivyo, kufikia wakati huo wanasayansi walikuwa wameshajua kwamba umeundwa hasa na mafuta, na jinsi mafuta hayo yalivyopangwa. Walilijua hilo kwa kuchunguza namna mafuta yanavyotanda juu ya maji.

Uchunguzi wenyewe ulianza mbali na biolojia. Benjamin Franklin, Mmarekani anayekumbukwa zaidi kwa siasa na umeme, alikuwa amesikia habari za mabaharia wanaomwaga mafuta baharini ili kutuliza mawimbi. Akiwa London, siku moja ya upepo, alimimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai kwenye bwawa la Clapham Common. Mafuta yalitanda kwa kasi, na eneo la karibu nusu eka likatulia. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1774. Hesabu moja tu ndiyo iliyompita: kama angegawanya ujazo wa mafuta kwa eneo yaliloenea, angepata tabaka lenye unene wa nanomita moja hadi mbili na nusu, kutegemea ukubwa wa kijiko chake. Huo ndio urefu wa molekuli moja ya mafuta, na Franklin angekuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupima molekuli.

Hesabu hiyo ilikuja kupigwa na Mwingereza Lord Rayleigh mwaka 1890, akapata nanomita 1.6 kwa mafuta ya zeituni. Lakini vipimo bora zaidi vilitoka Braunschweig, Ujerumani, kwa mwanamke aliyekuwa akiwatunza wazazi wake nyumbani. Agnes Pockels alipenda fizikia, ila vyuo vikuu vya nchi yake havikuwa vikipokea wanawake. Alipokuwa akiosha vyombo aliona kwamba maji yenye mafuta hayana tabia ya maji safi, akaamua kulichunguza jambo hilo. Alitengeneza beseni refu la bati, akalijaza maji, kisha akaweka ukanda wa bati ulioweza kusogezwa mbele na nyuma ili kupanua au kubana uso wa maji. Kwa kisahani kidogo kilichofungwa kwenye mizani alipima nguvu inayohitajika kukibandua kutoka juu ya maji. Januari 1891 alimwandikia Rayleigh, naye akahakikisha barua hiyo inachapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi mwaka huo huo. Baadaye Mmarekani Irving Langmuir aliliboresha beseni hilo, na mwaka 1917 akaeleza kwamba molekuli za mafuta husimama wima juu ya maji, kichwa chini kwenye maji na mkia juu kukwepa maji. Kazi yake juu ya nyuso za vitu ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1932. Beseni lenyewe hadi leo hutajwa zaidi kwa jina la Langmuir kuliko la yule aliyelibuni kati ya sahani chafu.

Wakati Pockels akipima, Charles Ernest Overton alikuwa Zürich, Uswisi, akichunguza ni vitu gani hupenya ndani ya seli hai. Alijaribu mamia ya kemikali, nyingine kwenye seli za vinywele vya mizizi ya mimea. Pombe iliingia upesi, sukari ilikaa nje. Kanuni ikajitokeza: kadiri kitu kinavyoyeyuka vizuri katika mafuta, ndivyo kinavyopenya seli kwa urahisi. Overton akahitimisha kwamba seli imefunikwa na kitu cha aina ya mafuta, akataja hasa kolesteroli na lesithini.

Aliyeunganisha nyuzi hizi mbili alikuwa daktari wa watoto. Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na msaidizi wake François Grendel walichukua chembe nyekundu za damu ya binadamu, mbwa, kondoo, mbuzi na sungura. Chembe hizi zilifaa kwa sababu za mamalia hazina kiini wala tando za ndani, hivyo mafuta yote yanayotoka ni ya utando wa nje. Waliyatoa mafuta kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji katika beseni la Langmuir, kisha wakalinganisha eneo lake na jumla ya eneo la chembe zenyewe. Mafuta yalichukua eneo mara mbili. Kwa hiyo utando una tabaka mbili za molekuli, mikia ikitazamana katikati na vichwa vikielekea maji ya ndani na ya nje.

Jibu lilikuwa sahihi kwa bahati. Asetoni haikutoa mafuta yote, na eneo la chembe lilikadiriwa kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yalifutana.

Protini, ambazo nazo zimo kwenye utando, zilisumbua zaidi. Mwaka 1935 James Danielli na Hugh Davson walipendekeza kwamba zimepakwa juu ya mafuta pande zote mbili, na picha za hadubini ya elektroni za J. David Robertson za miaka ya 1950, zenye mistari miwili myeusi na nafasi nyeupe kati yake, zilionekana kuwaunga mkono. Jaribio la Frye na Edidin mwaka 1970 liliibua picha tofauti. Waliunganisha seli ya panya na ya binadamu ikawa seli moja, protini za panya zikiwa zimetiwa alama ya rangi moja na za binadamu rangi nyingine. Mwanzoni kila rangi ilikaa upande wake. Baada ya dakika 40 katika joto la mwili, zilikuwa zimechanganyika kila mahali. Katika baridi hazikuchanganyika. Mafuta ya utando ni majimaji, na protini huelea humo. Mwaka 1972 Singer na Nicolson waliliandika hilo kama kielelezo kamili, ndicho kinachofundishwa shuleni hadi leo.

Lilibaki swali la maji: hupitaje kwenye utando kwa kasi kuliko mafuta yanavyoweza kuruhusu? Lilijibiwa mwaka 1992. Peter Agre alitia katika mayai ya chura maelekezo ya kutengeneza protini moja ya chembe nyekundu, akayaweka kwenye maji yasiyo na chumvi. Yakavimba na kupasuka. Protini hiyo ni mfereji wa maji, nayo ilimpatia Nobel mwaka 2003.

Utafiti umefika pia pwani ya Kenya. Mwaka 2020 watafiti walioshirikiana na kituo cha utafiti cha Kilifi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu ya watoto 42 wa eneo hilo, baadhi yao wakiwa na kundi la damu liitwalo Dantu. Utando wa chembe nyekundu za watoto wenye Dantu umekazika kuliko kawaida, na vimelea vya malaria kali hupata shida kuupenya.