Washona wa Githurai na Karatasi Iliyochelewa

Kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya mkonge ya Thika, vibarua wa enzi ya mkoloni walivaa kipande shingoni. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 atembee na karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi zake. Asiye nayo alikamatwa. Kipande kilifutwa mwaka 1947, vikaja vitambulisho vya watu wa rangi zote.

Miaka kadhaa baadaye wakafika watu walioitafuta karatasi wasiipate.

Washona walianza kuja kutoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, karibu na mwaka 1960. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Johane Masowe, mafundi hodari wa mbao, mabati na vikapu. Wengi walitua Kiambu: Kiambaa, Kinoo, na Githurai iliyo mlangoni mwa Ruiru. Baada ya uhuru, wageni walipewa miaka 2 kuomba uraia. Muda ukapita Washona hawajaandikishwa. Watoto wakazaliwa hapa, wakaja wajukuu, na bado hawakuwa raia wa nchi yoyote.

Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, na bila laini huna M-Pesa. Fundi aliuza kitanda alichokichonga mwenyewe, kisha malipo yakaingia kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina la jirani. Huo ni unyonge ambao hakuna mwenyeji anayepaswa kuuzoea.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilitoa ukaazi wa kudumu kwa waliokuwa na vibali vya kazi kwa miaka 7, na kwa wenzi wa Wakenya baada ya miaka 3 ya ndoa. Mshona aliyezaliwa Githurai hakuwa na kibali, wala pasipoti ya kukigongea muhuri. Wasio na taifa waliokuwa nchini tangu Desemba 12, 1963, walifunguliwa mlango wao wa uraia, lakini kwa miaka 5 tu. Ikaongezwa 3, ikaisha Agosti 2019.

Desemba 12, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Washona 1,670 watapewa uraia. Vyeti vilitolewa Julai 2021, kwa wengine wakiwa wazee. Uraia wa mtu aliyezaliwa na kuzeekea hapa haufai kutegemea tarehe ya mwisho. Bunge liufute ukomo huo.