Tezi dume: si kila maumivu yanataka antibiotiki

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu wanaume huficha: prostataitisi. Tezi dume inavimba, kukojoa kunauma, nyonga inauma. Na si ugonjwa wa wazee pekee, hata vijana hupata.

Miaka mia iliyopita antibiotiki hazikuwepo. Daktari alikuwa anaikanda tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, siku baada ya siku, majimaji yatoke. Kisonono ndicho kililaumiwa sana, kwa hivyo mgonjwa alibeba uchungu pamoja na aibu. Penisilini ilipoanza kutumika sana miaka ya 1940, jibu likawa antibiotiki.

Halafu mwaka 1968, huko Marekani, Edwin Meares na Thomas Stamey wakaleta kipimo cha chupa nne: mkojo wa kwanza, wa katikati, majimaji ya tezi ikishakandwa, na mkojo unaofuata. Ukilinganisha, unajua bakteria wako kwenye mrija, kibofu ama tezi yenyewe. Na shida ikaonekana hapo: wagonjwa wengi hawakuwa na bakteria kabisa!

Mwaka 1995 wataalamu huko huko wakaigawa mara nne: ya ghafla ya bakteria, sugu ya bakteria, maumivu sugu ya nyonga bila bakteria, na isiyo na dalili. Hiyo ya tatu ndiyo huleta wagonjwa wengi zaidi kwa daktari. Mwaka 2004, utafiti wa wanaume 196 waliokuwa wameumwa hivyo kwa muda mrefu ulionyesha kwamba wiki 6 za siprofloksasini hazikushinda tembe bandia.

Sasa mtu wangu, ukiingia kemisti ununue sipro bila kupimwa, umejirudisha kabla ya 1968. Unalisha bakteria usugu, na maumivu yanabaki.

Sisemi antibiotiki ni mbaya. Ukiwa na homa, unatetemeka na mkojo umekataa kutoka, kimbia hospitali, hapo zinaokoa maisha. Ile sugu ya bakteria nayo hutaka dozi ya wiki 4 hadi 6, umalize yote. Lakini bila bakteria, kuna dawa za maumivu, za kulegeza njia ya mkojo kwa wengine, na tiba ya viungo ya misuli ya nyonga.

Kwa hivyo kabla ya kumeza chochote, muulize daktari: mkojo wangu umepimwa? Yangu ni ipi kati ya zile nne? Ni haki yako kujua, na hakuna aibu hapo.